Kutuma kodi za programu kwa imeili zikafika zikiwa nzima: niliyojifunza na Markdown Here

Kama kazi yako ni kuunganisha mifumo ya watu, utatuma kodi kwa imeili utake usitake. Najua kuna watakaosema mbona kuna Slack, kuna GitHub, kuna WhatsApp, sawa, ila nenda kwenye benki au halmashauri au hospitali kubwa uwaambie vijana wa IT wafungue linki ya nje uone, mtandao wa ofisi umefungwa karibu kila mahali, kilichobaki wazi ni imeili ya kazini. Na imeili ndo inayohesabika, bosi wao anaipitia, inaprintiwa, inawekwa kwenye faili, siku pakitokea ubishi nani aliambiwa nini basi inatafutwa imeili. Mi kazi yangu hapa Dar ndo hiyo, mteja anataka ada ya shule au bili ilipwe kwa simu alafu taarifa ya malipo iingie yenyewe kwenye mfumo wake, kwa hiyo wiki haiishi sijatuma kipande cha kodi ya Python au PHP, au JSON (mtindo wa kupanga data kwa maandishi), au amri ya curl (programu ya kuita seva kwa kuandika amri), kwenda kwa watu ambao wengi wao hatujawahi hata kuonana.

Kitu kimoja nakishika sana na ndo kinaongoza yote nitakayosema hapa chini: kodi ikiwa kwenye imeili kuna mtu atakuja kuikopi na kuiendesha. Kama ikikopiwa haifanyi kazi, hata ingekuwa na rangi nzuri kiasi gani, hujatuma kitu.

Kabla sijafika kwenye Markdown Here, ekstensheni ninayoitumia, yani kiprogramu cha kuongeza kwenye brauza, ngoja nieleze kwanza kodi inaharibikaje, maana wengi hatujui, tunadhani maandishi ni maandishi tu ukiyatuma yanafika kama yalivyo.

Kulikuwa na dada mmoja wa IT kwenye taasisi fulani Mwanza, mtu makini sana, akanipigia, "Kaka, kodi yako inakataa mstari wa nne." Nikafungua niliyotuma, nikaiendesha kwangu, inafanya kazi. Nikamwambia, "Dada, naomba nirudishie hiyohiyo uliyoipesti wewe, usinitumie picha, nitumie maandishi." Aliponitumia nikaangalia macho yakaniuma, ni ileile, herufi kwa herufi. Mpaka nilipoifungua kwenye programu ya kuandikia kodi na kuangalia alama mojamoja ndo nikaona, alama za kunukuu zimepinda. Zangu zilikuwa zile zilizonyooka, ambazo kwenye Unicode, ile orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0022, zake zimekuwa U+201C inayofungua na U+201D inayofunga, zile nzuri za vitabuni. Bosi wake ndo alipokea imeili kwanza, akaipesti kwenye waraka wa ofisi ili aweke kichwa cha barua, alafu akamfowadia, na huko njiani programu ya kuandikia ikasahihisha kila alama kwa wema kabisa. Binadamu akisoma haoni tofauti. Python inakataa palepale, inakwambia kuna herufi isiyokubalika na inakutajia hiyo U+201C, na JSON nayo haitambui alama ya kunukuu yoyote zaidi ya ile iliyonyooka.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia kila malalamiko ya aina hiyo, na kwa kweli makosa yenyewe sio mengi, ni yaleyale yanajirudia.

Kuna vistari viwili. Amri za curl zimejaa vistari viwili, `--header`, `--data`, na programu nyingi za kuandikia zikiona vistari viwili vimefuatana zinaviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu. Sasa curl ikikuta kistari kirefu haijui kwamba hilo ni chaguo, inalichukua neno zima kama anwani ya tovuti na kuanza kulitafuta kwenye mtandao, mteja anaona ujumbe wa kwamba seva haipatikani, anaanza kulalamika kwamba mfumo wa malipo uko chini, watu wa mtandao wanaamshwa, na shida yote ni kistari.

Kuna nafasi. Hii ndo inaniumiza kuliko zote kwa sababu haionekani hata ukikodoa macho. Brauza kwa kawaida ikiona nafasi nne zimefuatana kwenye maandishi ya wavuti inazibana kuwa moja, kwa hiyo sehemu za kuandikia imeili ili zisipotee zinabadilisha baadhi kuwa nafasi ya aina nyingine, ile isiyokatika, U+00A0. Kwa macho ni nafasi. Kwa Python ni herufi ngeni, na Python ndo lugha ambayo nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya kodi yenyewe, kipi kiko ndani ya `if` (yani sharti la "kama") na kipi kiko nje kinajulikana kwa hizo nafasi tu. Kwa hiyo ama inagoma kabisa, ama kama nafasi zimebanwa mtu anazipanga upya kwa kubahatisha, na akibahatisha vibaya kodi inaenda vizuri tu ila inafanya kitu kingine. Fikiria ni kodi ya kuhakiki malipo, mstari wa kuandika "imelipwa" umetoka nje ya `if`. Hapo kila ada inaonekana imelipwa.

Alafu kuna kukatwa mistari. Imeili ina sheria za zamani, waraka wa RFC 5322 wa mwaka 2008 unasema mstari mmoja usizidi herufi 998 na ni vizuri usizidi 78, na hata waraka huo umerithi kutoka kwa wenzake wa nyuma. Kwa hiyo ukituma maandishi matupu programu nyingi zinakata mstari zikifika hapo. Ona hii:

    # usibadilishe hii namba bila kuwasiliana na timu ya malipo maana ndo inayotofautisha shule na shule
    namba_ya_shule = "0417"

Ikishakatwa inafika hivi:

    # usibadilishe hii namba bila kuwasiliana na timu ya malipo maana ndo
    inayotofautisha shule na shule
    namba_ya_shule = "0417"

Alama ya reli (#) inaiambia Python kwamba mstari huo ni komenti, maelezo ya binadamu tu, iuruke. Mstari wa pili hauna alama ya reli tena, umekuwa kodi, na Python inashangaa "inayotofautisha shule na shule" ni kitu gani. Hapa inagoma na hiyo ni bahati. Kwenye skripti ya seva nusu ya komenti inaweza kuwa amri halali kabisa, ukiandika komenti inayosema usije ukaendesha amri fulani na mstari ukakatwa kabla tu ya hiyo amri, umeshamwandikia mtu amri ya kuendesha.

Basi utasema si uambatanishe faili tu. Naambatanisha, ila sio kila mara inapita. Gmail tangu Februari 2017 haipokei faili za .js, yani za JavaScript, kama kiambatanisho, kama ilivyokuwa haipokei .exe na .bat toka zamani, na ukizifunga kwenye zip inaangalia ndani. Ina sababu za msingi, faili za .js zilitumika sana kusambaza virusi, sina ugomvi na hilo. Lakini mtu wa JavaScript anajikuta hawezi kutuma faili ya kazi yake. Skrinishoti ndo hapana kabisa, naomba sana. Mtu anapiga picha skrini kwa simu, tena kwa pembeni, anakutumia, unatakiwa uandike kwa mkono saini ya kidijitali yenye herufi 64, hujui hii ni O au sifuri, hujui hii ni l au 1, na picha inakula bando kwa kitu ambacho kwa maandishi ni kilobaiti chache.

Sasa ekstensheni. Ninayoitumia inaitwa Markdown Here, imetengenezwa na Adam Pritchard, ni ya bure na kodi yake iko wazi mtu yeyote anaweza kuisoma, inafanya kazi Chrome na Firefox. Namna inavyokwenda ni rahisi. Kwenye sehemu ileile ya kuandikia imeili unaandika kwa Markdown, ule mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004, ambapo nyota mbili mbili zinafanya neno linene, alama ya reli inafanya kichwa cha habari na kadhalika. Kipande cha kodi unakiweka katikati ya baktiki tatu juu na baktiki tatu chini, ile alama ndogo iliyo kushoto kwa namba 1 kwenye kibodi nyingi, na hapo juu baada ya baktiki unaandika jina la lugha, `python` au `json` au `bash`. Ukimaliza unabonyeza kitufe chake au kwangu mimi Ctrl+Alt+M, imeili yote inabadilika mbele ya macho yako, kodi inaingia kwenye kisanduku chake, fonti ya herufi zenye upana sawa, rangi zimekaa. Ukiona umekosea unabonyeza tena inarudi kwenye maandishi yako ya mwanzo, unarekebisha, unabonyeza tena. Jina la lugha usiliruke, usipoliweka kisanduku kinakuja ila rangi hazipakwi. Na ujibu imeili ya mtu uone, inabadilisha ulichoandika wewe tu, maneno ya mwenzako yaliyonukuliwa chini haiyagusi.

Niliipenda kwa sababu ya kitu ambacho mtu hakioni. Mitindo yote, rangi, fonti, mpaka, inaiandika ndani ya kila kipande cha maandishi badala ya kuiweka mahali pamoja juu ya ukurasa kama tunavyofanya kwenye tovuti. Ukiwa mtu wa wavuti unaweza ukaona ni uchafu, ila kwenye imeili ndo njia. Gmail kwa miaka mingi ilikuwa inatupa mitindo iliyokaa kando, imekuja kuanza kuikubali 2016 na bado kwa masharti yake. Outlook ya Windows, ile ya zamani (classic), kuanzia toleo la 2007 ilianza kutumia injini ya Word kuonyesha imeili, kwa hiyo vitu vingi vya CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ambavyo brauza zinavielewa yenyewe haivielewi. Mtindo ulioandikwa ndani kwa ndani ndo unavuka sehemu nyingi kuliko mingine. Mpaka wa kisanduku unaweza ukapotea kwa mpokeaji, rangi ya nyuma inaweza isifike mwisho wa mstari, lakini fonti inabaki na mistari inabaki, na hivyo viwili ndo vya lazima.

Mdogo wangu mmoja aliyekuja kujifunza kazi ofisini kwetu aliniuliza, "Kaka, kwani hizi rangi zina kazi gani, si mapambo tu?" Swali zuri. Nikamwambia afute alama moja ya kufunga nukuu kwenye kipande chake, alafu abonyeze tena. Rangi zikavurugika palepale, sehemu ambayo ingetakiwa kuwa kodi ya kawaida ikawa sio. Kazi ya kupaka inafanywa na maktaba inaitwa highlight.js, inasoma kodi yako kwa kufuata sarufi ya lugha uliyoitaja, kwa hiyo ukiona rangi imekaa vibaya angalia tena kabla hujatuma, mara nyingi kuna kitu. Mi nimekuwa naitegemea kama jicho la pili.

Ila ukiandika kwa Markdown inabidi uishi kwa sheria zake hata nje ya kisanduku. Mfano unamweleza mtu kwenye sentensi ya kawaida kwamba arekebishe `__init__` ya Python, sehemu inayoanzisha darasa, yani kundi la kodi. Ukiiandika hivihivi bila baktiki, Markdown inaona mistari miwili ya chini mbele na nyuma, inajua unataka neno linene, mwenzako anapokea init bila vistari, anaenda kuandika hivyohivyo na darasa lake halianzi. Kwa hiyo kila jina la kitu, kila amri, hata kama ni neno moja katikati ya sentensi, lizungushie baktiki moja moja. Nimeshawasisitizia wenzangu wote, na hata mtu asipokuwa na hiyo ekstensheni nasema aandike hivyo tu, kwanza inamsaidia msomaji kujua neno gani ni la kompyuta na lipi ni la kawaida. Kwenye Kiswahili hili ni muhimu zaidi maana sisi vigezo vyetu, yani majina ya kuhifadhia thamani kwenye kodi, tunaviita kwa Kiswahili, `malipo`, `jumla`, `tarehe`, sa ukiandika "angalia jumla kabla ya malipo" mtu atajuaje kama unamaanisha kigezo au pesa zenyewe?

Rangi za kuanzia zenyewe nimezibadilisha, kwenye setingi zake kuna sehemu ya CSS unaiandika utakavyo. Sababu ya kwanza ni printa. Ofisi nyingi za wateja wangu wanaprinti imeili nyeusi na nyeupe, na komenti za kijivu hafifu zikiprintiwa hazisomeki, na maelezo yangu yote ya muhimu yako kwenye komenti. Nikaweka kijivu iliyokolea. Sababu ya pili ni watu wanaosoma kwenye hali ya giza, programu ya simu inageuza rangi za nyuma inavyojua yenyewe na rangi za maandishi wakati mwingine inaziacha, unapata bluu nzito juu ya nyeusi. Nikachagua rangi chache ambazo angalau zinaonekana pande zote mbili, nne tu zinatosha, haina haja ya upinde wa mvua.

Simu nayo ni mada kubwa. Mtu anapokea imeili yako akiwa kwenye daladala anaiangalia kwanza huko kabla hajafika mezani, na mstari wenye herufi 120 kwenye skrini ya simu ama unapinda mara tatu ama unatoka nje. Mi sasa hivi naandika mistari mifupi, nikifika herufi 60 na kitu natafuta pa kukata mwenyewe kabla mtu mwingine hajanikatia. Kwenye bash, lugha ya amri za seva, watu wanakata kwa kuweka mkwaju wa nyuma (\) mwisho wa mstari. Hiyo kwenye imeili naikwepa kabisa, kwa sababu nafasi moja tu ikiingia baada ya ule mkwaju basi mstari hauendelei tena, na kuna aina ya imeili ya maandishi matupu, ile ya format=flowed ya RFC 3676, ambayo yenyewe inatumia nafasi ya mwisho wa mstari kama alama kwamba mstari unaendelea. Yani nafasi za mwisho wa mstari kwenye imeili ni kitu cha kawaida. Badala yake naweka vitu kwenye vigezo kwanza, mstari mmoja kigezo kimoja, alafu amri yenyewe inabaki fupi:

    ANWANI="https://mfano.test/malipo"
    UFUNGUO="WEKA_UFUNGUO_WAKO_HAPA"
    curl -H "Authorization: Bearer $UFUNGUO" "$ANWANI"

Na umeona hapo nimeandika `-H` sio `--header`. Ni ileile, ila kistari kimoja hakina cha kuunganishwa nacho. Kwenye Python nukuu moja moja au mbili mbili haijalishi, ila kwenye imeili nawaambia wazi, "ukikopi na Python ikalalamika kuhusu herufi, angalia nukuu kwanza." Sentensi hiyo imepunguza simu nyingi.

Hiyo WEKA_UFUNGUO_WAKO_HAPA naiandika kwa herufi kubwa kwa makusudi, isiwezekane mtu asiione. Ufunguo wa kweli wa mfumo wa malipo hauingii kwenye imeili yangu hata kama mteja ameomba, hata kama ni wa majaribio. Imeili inafowadiwa, inaprintiwa, inakaa kwenye kumbukumbu za seva miaka, mtu akihama kazi kisanduku chake anapewa mwingine. Na hii Markdown Here ina jambo moja la kujua, yale maandishi yako ya mwanzo inayabeba ndani ya imeili kwa kuyaficha ndo maana ukibonyeza tena yanarudi. Kwa hiyo usidhani kwamba kitu ulichokiandika kama maelezo ya siri ambayo hayaonekani baada ya kubadilisha basi hakijaenda. Kimeenda.

Nikiwa kwenye usalama, niseme na hili bila kuzunguka maana naona watu wanaweka ekstensheni kama wanavyopakua mlio wa simu. Ekstensheni inayobadilisha imeili yako lazima iweze kuisoma. Hakuna namna nyingine. Chrome inapokuuliza kama unairuhusu isome na kubadilisha data kwenye tovuti, inamaanisha hivyohivyo. Mwaka 2021 mwezi wa pili Google waliiondoa The Great Suspender, ekstensheni iliyokuwa inatumiwa na watu wengi mno na kupendwa miaka, kwa sababu baada ya mwenyewe kuiuza kwa mtu mwingine iliingizwa vitu vibaya ndani. Waliokuwa nayo hawakufanya chochote kipya, walikuwa nayo tu, ikajisasisha. Kwa hiyo hata niliyoipenda naiangalia, bado ni ya nani, kodi yake bado iko wazi, na kwenye setingi za Chrome nimeizuia isifanye kazi kwingine kokote isipokuwa kwenye tovuti ya imeili, hilo linafanyika kwa kubofya tu kwenye ruhusa zake. Kwenye kompyuta ya mteja siiweki hata siku moja, na kwenye imeili ya kazini kwangu niliomba ruhusa kwa anayesimamia mifumo kwanza, akaikagua, akakubali. Wengine sera zao hazikubali na wana haki. Pia ujue kuanzia 2024 Chrome walianza kuzima ekstensheni zilizojengwa kwa mfumo wa zamani, Manifest V2, kwa hiyo usishangae uliyoizoea siku moja haipo, na ikitokea hivyo usikimbilie ya kwanza yenye jina linalofanana.

Sitaki nimpotoshe mtu anayetaka kuchangia kwenye Linux. Kule hii kitu haifai. Orodha za imeili za kernel, kiini cha Linux, zinataka maandishi matupu, imeili ya HTML, yani yenye rangi na mitindo, inakataliwa, na maelekezo yao wenyewe yanasema Gmail ya kwenye brauza haifai kutumia kutuma patchi (faili ya mabadiliko ya kodi), kwa sababu inageuza tab kuwa nafasi na inakata mistari kwenye herufi 78. Wao wanatumia `git send-email`, patchi inatoka kwenye git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, moja kwa moja bila kupita kwenye mkono wa kihariri chochote. Nimeikuta hiyo miaka mingi baadaye na nikafurahi kuona kwamba wale watu wakubwa wanapigana na nafasi na mistari ileile ninayopigana nayo mimi na mfumo wa ada za shule.

Kitu ambacho ningependa kila mtu akifanye, awe na ekstensheni au asiwe nayo, ni kujaribu kutoka upande wa kupokea. Nina anwani ya pili kwenye huduma nyingine ya imeili. Kipande kikiwa cha maana, kwa mfano kinahakiki saini ya malipo, natuma kwanza huko, nafungua, nakopi kutoka kwenye iliyofika, napesti kwenye faili tupu, naiendesha. Wengi wanajaribu kodi kwenye kompyuta yao alafu wanaipesti kwenye imeili na kutuma, na hiyo iliyojaribiwa sio iliyotumwa. Inachukua dakika mbili. Nikiona imekataa natafuta ni alama gani imebadilika njiani, nairekebisha, natuma tena, na ikikubali ndo naifowadi kwa... hapana, siifowadi, naiandika upya kwa mteja kutoka kwenye drafti ileile, maana kufowadi nako kunabadilisha.

Urefu pia. Kikizidi mistari thelathini hivi nakiweka kwenye faili yenye mwisho wa .txt, namwambia abadilishe mwisho akishaipakua, na kwenye imeili naacha ile mistari michache tu inayohitaji maelezo. Rangi zinaongeza uzito kuliko unavyofikiria, kila neno lililopakwa limebeba mtindo wake, na Gmail ikiona imeili imepita kilobaiti 102 inaikata katikati na kuweka linki ya kuona iliyobaki. Mtu asiyeijua hiyo linki anakopi nusu ya kodi.

Kwenye simu bado sijapata suluhisho zuri. Chrome ya Android haina ekstensheni, Firefox ya Android imefungua milango Desemba 2023 lakini kuandika baktiki kwenye kibodi ya simu ni mateso, na wengi wetu tunatumia programu ya imeili yenyewe sio brauza. Umeme ukikatika au niko njiani na mteja anasubiri, naandika tu kwa baktiki tatu juu na tatu chini bila kubadilisha chochote, mistari mifupi, nazima kwanza ile setingi ya simu inayobadilisha nukuu yenyewe, alafu juu naandika, "Kopi kilichoko katikati ya zile alama tatu tatu, zenyewe usizichukue." Inafika bila rangi, na mteja anaendelea na kazi yake mpaka nirudi kwenye laptopu.